Maswali Yenu Kuhusu ‘The Inner Light’

Jumamosi mbili zilizopita, watu wapatao thelathini tulikusanyika katika ukumbi mdogo wa mtaa mmoja wa Eastlands, tukatazama pamoja sehemu moja ya mfululizo wa televisheni wa hadithi za angani, Star Trek: The Next Generation, iitwayo “The Inner Light”, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 1 Juni 1992 na kutunukiwa Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo maswali hayajakoma kunifikia, na leo nayajibu machache.

Kwa wasiokuwapo, kisa ni hiki. Nahodha Jean-Luc Picard, anayeigizwa na Patrick Stewart, anapigwa na mwali unaotoka katika chombo kidogo kisicho na mtu, anaanguka ndani ya merikebu yake ya angani, na anapozinduka anajikuta katika kijiji cha Ressik, kwenye sayari ya Kataan, ambako kila mtu anamwita Kamin na mwanamke aitwaye Eline anamweleza kwamba yeye ni mumewe na amekuwa akiugua homa. Anaishi huko takriban miaka 40. Anapata watoto wawili, anamzika mkewe, anamlea mjukuu. Kisha anaamka na kugundua kwamba alikuwa amezimia kwa dakika 25 hivi tu. Watu wote aliowapenda walikufa miaka 1,000 iliyopita, jua lao lilipolipuka, na chombo kile ndicho kitu pekee walichoweza kukirusha ili mtu fulani, mahali fulani, awajue.

*Nililia, na mpaka leo sijui nilimlilia nani. Watu hao si wa kweli na sayari yenyewe haipo. Je, ni mimi peke yangu? (Mama wa watoto wawili, Umoja)*

Si wewe peke yako, Mama. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma na niliona yaliyotokea. Eline alipokufa ukumbi ulikuwa kimya, lakini hakuna aliyelia. Kilio kilikuja baadaye, katika dakika ya mwisho, pale Riker, msaidizi wake Picard, anapoingia chumbani mwake na kumkabidhi kisanduku kilichopatikana ndani ya kile chombo. Picard anakifungua na kukuta filimbi nyembamba yenye kishada, ile ile ambayo Kamin alijifunza kuipiga kwa shida akiwa kijana na akaipiga kwa ustadi uzeeni. Anaikumbatia kifuani, kama mtu anayekumbatia mtoto aliyetaka kuanguka, kisha anaelekea dirishani na kuanza kupiga. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja na mjukuu wake alivua miwani wakati huo na hakuivaa tena mpaka taa zilipowashwa.

Naamini machozi yalisubiri hapo kwa sababu mpaka wakati huo tulikuwa bado na nafasi ya kusema kwamba ile ilikuwa ndoto. Filimbi ndiyo iliyotunyang’anya nafasi hiyo, kwa maana inaweza kushikwa, na vidole vya Picard vinaikumbuka. Mtu yeyote aliyewahi kufungua sanduku la marehemu na kukuta leso aliyokuwa akiifunga, ikiwa bado na mikunjo ya fundo lake, anajua ulichokililia. Waandishi walifanya jambo la busara kutompa Picard hotuba yoyote katika dakika ile.

*Mimi nilikasirika. Chombo kile kilimvamia mtu ambaye hakuwa amekikosea, kikamtwisha miaka 40 ya maisha na majonzi bila kumuuliza. Kwa nini tunakisifu? (Mwanafunzi wa chuo, Kahawa West)*

Hasira yako ni ya haki, na sitaki kuipoza kwa maneno matamu. Watu wa Kataan waliingia katika nafsi ya mtu bila kupiga hodi. Hata madhara ya mwili yalikuwapo: wenzake walipojaribu kuukata mwali ule, hali yake ilizidi kuwa mbaya hadi wakalazimika kuurejesha. Tena mtu aliyeamka si yule aliyeanguka. Picard tuliyemfahamu alikuwa mtu asiye na familia na asiyeonyesha kuikosa; Kamin anakiri kwamba hawezi tena kuwazia maisha yake bila watoto wake. Kumpa mtu watoto kisha kumwambia kwamba walikufa miaka 1,000 kabla hajazaliwa ni jambo zito sana.

Ninachoomba ukiweke kwenye mizani hiyo hiyo ni kwamba hawakuwa na njia ya kuuliza. Walijua watakufa wote, na walijua kwamba atakayekipata chombo kile alikuwa bado hajazaliwa. Hawakuomba waokolewe wala hawakuomba walipiziwe kisasi. Waliomba mtu mmoja tu awajue kwa majina, ajue nani alikuwa mcheshi na nani alikuwa mkaidi. Mimi nawasamehe. Wewe si lazima uwasamehe, na mtazamaji anayekataa kuwasamehe ameitazama hadithi vizuri kuliko yule aliyeona uzuri peke yake.

*Je, jua linaweza kulipuka namna hiyo, na kabla ya kulipuka likaikausha sayari kwa miaka mingi? (Fundi wa umeme, South B)*

Si kwa namna ilivyoelezwa. Mlipuko ambao wanaastronomia wanauita nova hutokea pale ambapo nyota kibete nyeupe, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kuzima, inapovuta gesi kutoka kwa nyota jirani mpaka gesi hiyo ikawaka kwa ghafla juu ya uso wake. Jua kama letu, lisilo na jirani wa karibu, haliwezi kulipuka hivyo. Linazidi kung’aa polepole mno, kiasi cha asilimia 10 kwa kila miaka bilioni 1, na litakuja kuvimba na kuwa jitu jekundu baada ya miaka bilioni 5 hivi. Bahari zetu zitakuwa zimekauka muda mrefu kabla ya hapo, lakini hakuna kizazi kimoja kitakachoweza kuyaona mabadiliko hayo kwa macho. Waandishi waliufupisha wakati ili ukame uenee katika umri wa mtu mmoja, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo.

*Kilichoniuma ni viongozi. Kamin anapima udongo, anagundua kwamba sayari inakufa, anapeleka matokeo yake kwa mkuu, na kumbe wakuu walijua zamani na wakanyamaza ili watu wasiingiwe na hofu. Je, walifanya sawa? (Mwalimu mstaafu, Donholm)*

Mwalimu, nakushukuru, kwa sababu hili ndilo swali nililotamani kuulizwa. Umesema katika barua yako kwamba ulilelewa Kitui na kwamba neno ukame kwako si neno la vitabuni, kwa hiyo nitajibu kwa uangalifu.

Hoja ya wakuu wa Kataan ni kwamba ukweli usioweza kutendewa jambo lolote ni mateso matupu. Teknolojia yao ilikuwa changa, ndiyo kwanza wameanza kurusha roketi ndogo, na hapakuwa na mahali pa kuwahamishia watu. Nikiwa mkweli, kwa hali yao naelewa kilichowafunga midomo.

Lakini tazama kilichotokea ndani ya nyumba ya Kamin. Binti yake Meribor, ambaye amerithi udadisi wa babake, anapima udongo mwenyewe, anafikia jibu lile lile, na anapomweleza babake anagundua kwamba alikuwa akijua. Mazungumzo yao pale ni mafupi na ya upole, na kwangu ndiyo mazuri kuliko yote katika sehemu nzima. Kamin hamdanganyi. Anamhimiza aishi sasa, asiahirishe ndoa yake wala furaha yake. Binti aliyeambiwa ukweli aliweza kuchagua namna ya kuitumia miaka iliyobaki, huku jirani zake wakinyimwa nafasi hiyo na watu waliodhani wanawahurumia.

Kwetu mambo ni tofauti kwa namna moja kubwa: ukweli wetu unaweza kutendewa jambo. Kuanzia mvua za vuli za mwaka 2020 hadi zile za 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kwa kila kaunti yenye ukame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Mfugaji anayezipata habari hizo mapema huuza sehemu ya mifugo wakati ng’ombe bado ana mwili na bei; akizipata kwa kuchelewa anabaki na mizoga. Hata hapa Nairobi, mama anayejua kwamba maji ya mfereji hayatakuja wiki nzima hujaza mitungi yake kabla mwenye mkokoteni hajapandisha bei. Kwa hiyo jibu langu, Mwalimu, ni kwamba walikosea, na kwamba kiongozi wa mahali ambapo bado kuna la kufanya akinyamaza hivyo amekosea zaidi yao.

*Jina “The Inner Light” lina maana gani, na ungelitafsirije? (Kayole)*

Ni jina la wimbo wa kundi la Beatles uliotolewa mwaka 1968 na kuandikwa na George Harrison, ambaye maneno yake aliyatoa katika Tao Te Ching, kitabu cha kale cha China. Wazo lake ni kwamba mtu anaweza kuujua ulimwengu bila kutoka mlangoni mwake. Picard anaishi maisha mazima bila kutoka pale alipoanguka. Mimi ningesema “Nuru ya Ndani” na kuishia hapo.

*Sehemu iliyofuata Picard alikuwa kazini kama kawaida. Mtu anawezaje kufiwa na familia nzima na kusahau kwa wiki moja? (Lang’ata)*

Hilo ni kosa, na silitetei. Mfululizo ule ulitengenezwa kwa namna ambayo kila sehemu ilipaswa kujitosheleza, na uchungu wa wiki hii haukuruhusiwa kuvuka hadi wiki ijayo. Hata hivyo hawakusahau kabisa: katika msimu wa sita, sehemu iitwayo “Lessons”, Picard anaitoa filimbi ile na kumsimulia mwanamke anayempenda ilikotoka. Nawashauri mkaitazame baada ya hii.

*Je, kuna Mkenya aliyewahi kutengeneza kitu cha aina hii? (Ngara)*

Yupo. Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, kuhusu dunia iliyokaukiwa maji na msichana aitwaye Asha anayebeba mche hadi jangwani. Ukikumbuka mche unaotunzwa katikati ya Ressik licha ya maji kuwa haba, utaona kwa nini nazitazama kazi hizi mbili kama ndugu.

*Na sisi wanadamu, tumewahi kutuma chombo kama kile? Ungekuwa wewe, ungeweka nini ndani? (Kijana wa Kibra)*

Tumetuma viwili. Voyager 1 na Voyager 2 vilirushwa na Marekani mwaka 1977, na kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye picha, muziki na sauti, vilivyochaguliwa na jopo lililoongozwa na mwanaastronomia Carl Sagan. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo, umo. Itachukua miaka 40,000 hivi kabla Voyager 1 haijapita jirani na nyota nyingine, na hata hapo jirani maana yake ni umbali ambao nuru yenyewe huchukua zaidi ya mwaka mmoja kuumaliza.

Salamu zimerekodiwa kwa lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kiswahili hakimo. Niliposoma orodha ile mara ya kwanza niliirudia kutoka juu hadi chini nikidhani nimeruka mstari.

Basi nikipewa nafasi ya neno moja, kijana wangu, ningemtafuta bibi mmoja mwenye sauti nzuri, nimsimamishe mbele ya kinasa sauti, nimwombe aseme “Hodi”, kisha niiache sahani iendelee kuzunguka kimya kwa muda mrefu.