Mafuta ya chipsi, maganda ya mayai na maji ya kuoshea

Nimechanganya mafuta yaliyokaangia chipsi na methanoli na kostiki soda nipate biodizeli, yaani dizeli inayotokana na mafuta ya kula. Nimeambulia uji mzito. Nimekosea wapi? (Nkuhungu)

Umepika sabuni, ndugu yangu. Mafuta yakikaangia viazi kutwa, joto na majimaji ya viazi huyavunja, na asidi za mafuta hubaki huru humo. Kostiki soda inazivamia hizo kwanza, na matokeo ndiyo huo uji. Zikizidi asilimia 1 au 2, achana na kostiki. Unahitaji kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa) cha asidi: hicho huziunganisha na methanoli zikawa biodizeli, na maji kidogo yakatoka.

Basi nitie tindikali ya salfuriki. Mbona inasemwa vibaya? (Area C)

Kazi inaifanya. Balaa linaanza ikiisha: imeyeyuka humo humo, haichujiki. Inabidi uiue makali, kisha uoshe biodizeli kwa maji mara kadhaa. Hapa Dodoma, ambako ndoo zinapangwa foleni kusubiri zamu ya maji, mimi ukijani wa kichocheo, yaani kutoharibu kwake mazingira, naupimia hapo. Juu ya hayo, inakula pipa la chuma.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia vichocheo vigumu: chembe zilizobeba asidi, unazichuja kama majani ya chai na kuzitumia tena. Mwaka 2005 wanasayansi wa Japani walionyesha kuwa hata sukari iliyounguzwa ikawa kama mkaa, kisha ikapikwa ndani ya tindikali ya salfuriki, inaifanya kazi hiyo. Utasema tindikali imefukuzwa mlangoni ikaingilia dirishani. Kweli, ila safari hii imeng'ang'ania kwenye mkaa, haimwagwi mtaroni kila ukimaliza pipa. Si ya milele: makali hupungua kila mzunguko, na yale maji yanayotoka nayo huidhoofisha.

Eti maganda ya mayai nayo ni kichocheo? Nauza mayai ya kuchemsha stendi. (Kibaigwa)

Ndiyo, yakichomwa kwenye nyuzi 800 hadi 900 yanakuwa chokaa hai. Gramu 100 zinabaki kama 56. Jiko lako la mkaa usilitegemee kwa joto hilo. Chokaa hiyo ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, maana inanyonya unyevu na kulala. Na ni ya mafuta safi tu; ukimpa yule wa Nkuhungu atapika sabuni nyingine, ya chokaa, isiyotoa hata povu.

Nigeuze alizeti yangu iwe dizeli? (Singida)

Kamua, uza, kula. Dizeli itengenezwe kwa mafuta ambayo hayaliwi tena.

Methanoli si spiriti tu? (Hombolo)

Hapana! Ukiinywa inapofusha na kuua, na mvuke wake unadaka moto haraka; inachemka kwenye nyuzi 65 hivi. Isikae jikoni, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.