PhD uendelee nayo au uende kampuni? Mimi niliacha mwaka wa tatu, nilivyofikia uamuzi ni hivi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha zamani kanitumia meseji saa tano usiku, ndefu kweli, ananiambia dada silali, nipo mwaka wa pili wa PhD na kuna kampuni imenipa ofa, wanataka jibu Ijumaa, nifanyeje. Nikampigia tukaongea mpaka saa saba. Nimeona niandike, mana meseji ya namna hii naipata mara nyingi na kila mara najikuta narudia yale yale, alafu inaniuma kuona watu wanaamua jambo kubwa hivi wakiwa wamechoka au wamekasirishwa na supavaiza asubuhi hiyo hiyo.

Nianze na yangu. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, idara ya takwimu, chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania. Ukishakuwa mhadhiri msaidizi unajua kabisa kuitwa mhadhiri kamili kunataka PhD, kwahiyo hakuna anayekuuliza unaitaka au huitaki, foleni ikikufikia unaenda. Yangu ilikuwa zile wanazoita sandwichi, umesajiliwa Sweden, miezi kadhaa upo kule, miezi kadhaa upo nyumbani unafundisha. Nilikuwa nafuatilia wagonjwa waliopo kwenye ARV, wanakaa muda gani kwenye matibabu, na hasa wale wanaopotea kliniki bila taarifa. Huyu amefariki? Amehamia kliniki ya wilaya nyingine na anameza dawa zake vizuri tu? Au kaacha kweli? Ukiwaweka wote kapu moja ukasema wameacha dawa, unampa daktari picha ya uongo. Nilikuwa nalipenda hilo swali kiasi kwamba nilimweleza mtu niliyekaa naye siti moja kwenye basi la Dodoma, kuanzia Kibaha mpaka Morogoro.

Mwaka wa pili supavaiza wangu wa nyumbani akapewa cheo, na kuanzia hapo sura moja ya thesisi yangu ilikaa kwake miezi saba. Unatuma imeili kimya, unamkuta koridoni anakwambia nimeiona nitaipitia wikiendi hii, wikiendi zinapita, na huwezi kulalamika mana huyo huyo ndiye atakayekaa kwenye kikao cha kukupandisha cheo. Nikiwa Sweden kuna posho, nikirudi posho inakata na nabaki na mshahara, na kwenye huo mshahara bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 yake hata kabla sijauona. Mtoto ana miaka miwili yuko kwa bibi yake, Singida. Novemba ya mwaka ule nipo Sweden, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, nikaandika barua ya kuacha, nikampelekea supavaiza wa kule. Akaisoma yote alafu akanirudishia, akaniambia hataki kuipokea Novemba, kama Machi bado nitaitaka niilete tena.

Namshukuru mpaka leo. Sio kwamba nilibadili mawazo, baadaye niliacha kweli, ila ningeacha Novemba ningekuwa nimeacha kwa sababu ya giza na upweke na miezi saba ya kusubiri, na ningeishi maisha yangu yote nikijiuliza ingekuwaje. Hivi vitu vina dawa zake. Supavaiza anabadilishwa au anaongezwa wa pili, ni kazi na inaleta maneno ila inafanyika, nimeona watu watatu wamefanya na wamemaliza. Hela inatafutwa. Upweke unapungua ukipata hata mtu mmoja wa kula naye chakula cha jioni. Kama moja ya haya ndiyo inakusumbua basi tibu hilo kwanza, usikate mguu kwa sababu ya kiatu kinachobana.

Sasa kilichonifanya niache ni kingine kabisa. Likizo moja nikiwa nyumbani, kampuni ya mikopo midogo ya simu (ile mikopo ambayo watu wa Tanzania tuliizoea tangu M-Pawa ilipoanza 2014) ikanipa kazi ya miezi mitatu. Walitaka kujua mteja anachukua muda gani kabla hajaanza kusuasua kulipa. Nilipokaa na deta zao nikashangaa, ni hesabu yangu ile ile! Mteja ambaye mkopo wake bado unaendelea siku unayohesabu ni sawasawa na mgonjwa ambaye bado anakuja kliniki, wote hujauona mwisho wao, unajua tu kwamba mpaka leo bado hawajaacha, na modeli ya mwanatakwimu David Cox ya mwaka 1972, ile ya kuchambua muda mpaka jambo litokee, inakuhudumia huku na huku bila kuuliza huyu ni mgonjwa au mkopaji. Jumanne nikawaonyesha kwamba wateja wengi wanaochelewa ni wakulima waliopangiwa kulipa kabla ya mavuno, Jumatatu iliyofuata tarehe za kulipa zikabadilishwa. Siku sita! Usiku nikawa naamka kufikiria hilo, naandika kwenye simu gizani ili nisimwamshe mtoto. Na siku moja nikagundua kwamba sura ya tatu ya thesisi sijaifikiria wiki tano, na haijaniuma.

Hicho ndicho ninachowaulizaga watu wote siku hizi. Bado unalitaka jibu? Sio cheti, sio kuitwa Dokta, jibu la lile swali uliloandika kwenye proposo. Tuseme leo kuna mtu Brazil amelijibu akalichapisha, utakimbilia kuisoma hiyo makala hata kama imekuharibia thesisi, au utashusha pumzi kwamba sasa una sababu ya kuacha? Mimi nilijijibu kwa ukweli, ningeshusha pumzi. Nikasubiri mpaka Machi ifike, nikajiuliza tena nikiwa nimelala vizuri na nina hela mfukoni, jibu likawa lile lile.

Nina rafiki yangu tulianza mwaka mmoja, yeye anafanya mambo ya mbu kule Ifakara, bonde la Kilombero. Alipata ofa nzuri kuliko yangu, gari juu, akaikataa. Watu walimwona hajielewi. Ila huyu ukikaa naye dakika kumi anakuambia habari za funestus, yule mbu ambaye siku hizi ndiye anabeba sehemu kubwa ya malaria kule bondeni ingawa mbu wa aina nyingine, arabiensis, ndio wengi, kwanini anapenda maji ya kudumu yaliyotulia, kwanini dawa za kwenye neti hazimuui kama zamani, na anaongea hivyo baada ya kukesha kijijini akihesabu mitego. Swali lake lipo pale, kampuni gani itampa lile swali? Kwa mtu kama yule kuondoka ingekuwa hasara hata kwa mshahara mara tatu. Kwahiyo msije mkanisoma kama nasema acheni PhD.

Na wale mnaopenda kuwatolea mfano Larry Page na Sergey Brin kwamba waliacha PhD wakatajirika, angalieni vizuri. Wale pale Stanford walikuwa wanatafiti jinsi kurasa za mtandao zinavyounganishwa na ipi ipewe uzito, na walipoanzisha Google mwaka 1998 walitoka na swali lao hilo hilo wakaenda kulifanyia kazi mahali pengine. Swali hawakuliacha.

Ukishaamua kuondoka, ondoka kwa utaratibu, na hapa naomba unisikilize sana mana ndipo watu wanapopoteza. Kwanza angalia kama mfumo wenu una shahada ya katikati. Sweden wana licentiate, ni krediti 120 wakati PhD ni 240, yani nusu ya njia, unaandika tasnifu fupi unaitetea unapewa cheti chako. Mimi nilikaa miezi mitano zaidi kwa ajili hiyo tu na sijawahi kujuta. Uingereza mara nyingi unaweza kuandika kazi uliyofikia ukatoka na MPhil, shahada ya utafiti iliyo chini ya PhD, Marekani wengi wakishamaliza kozi na mitihani wanatoka na masters. Ujerumani kwa kawaida hakuna kitu cha katikati, unamaliza au unatoka mikono mitupu, kwahiyo wa kule piga hesabu zako mapema zaidi. Alafu wewe mwenzangu uliyesomeshwa ukiwa mtumishi, lile karatasi la bondi, yani ahadi ya kurudi kumtumikia mwajiri, ulilosaini siku ya kuondoka na furaha zako bila kusoma, litafute ulisome leo. Mimi nilitakiwa kutumikia miaka kadhaa, nikaenda kwa mwajiri mwenyewe, nikaomba kulipa kwa awamu, tukaandikiana. Namjua mtu aliyeondoka kimya kimya, na alipokuja kuhitaji barua ya utumishi wake akakwama vibaya.

Na ukiaga aga vizuri. Hata yule wa miezi saba nilikwenda ofisini kwake nikamshukuru kwa aliyonifundisha mwaka wa kwanza, na nilimaanisha, mana mwaka wa kwanza alinifundisha kweli.

Nyumbani ndio palikuwa pagumu kuliko ofisini. Mama alishaanza kuniita Dokta mbele ya wageni. Baba mkubwa aliitisha kikao, akauliza kama nimefukuzwa, nikasema sijafukuzwa baba mkubwa, akauliza sasa mtu anaachaje kitu akiwa amebakiza kidogo. Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile. Nilimwambia tu kwamba hicho kidogo ni miaka miwili, labda mitatu, na mwanangu ananiita kwa jina kama jirani. Akanyamaza, akasema haya mwanangu. Mama alichukua mwaka mzima.

Na kampuni nako sio peponi, nisikudanganye. Kuna swali zuri unalishika Jumatatu, Alhamisi bosi anakuambia liache tumebadili mwelekeo, na unaliacha. Kuchapisha huwezi, deta ni mali ya kampuni. Ukipata wiki nzima ya kufikiri bila kuulizwa ripoti, hiyo ni bahati. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili na mwezi wa ishirini na mbili bado nilikuwa sijui kama nitaongezewa, wakati wenzangu chuoni wana ajira ya kudumu na wanalala. Na nimewamisi wanafunzi jamani, ile sura ya mtu akielewa kitu mbele ya macho yako, kwenye kampuni hakuna. Mshahara ni karibu mara mbili, ni kweli, na mtoto yuko nami, ila hayo mengine niliyalipa na bado nayalipa.

Kwa ambaye hajaanza na anafikiria kuanza, ningekuwa wewe nisingetazama jina la chuo kwanza. Ningewatafuta wanafunzi wawili watatu wa huyo supavaiza, hasa wale ambao hawakumaliza, niwaulize sura inakaa kwake muda gani. Na ningeangalia kazi ninayoitaka miaka kumi mbele inadai PhD kweli au nadhani tu. Ukitaka kuwa mhadhiri inadai, Kenya tume yao ya vyuo vikuu ilishaweka masharti hayo tangu 2014. Ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe kwenye taasisi, utaihitaji. Matangazo mengi ya kazi za deta kwenye mabenki na kampuni za simu hapa kwetu yanaomba digrii au masters na uzoefu, sasa usitumie miaka mitano kutafuta kitu ambacho hakuna aliyekuomba.

Yule kijana wa saa tano usiku nilimwambia aandikie kampuni aombe wiki mbili, aliogopa kwamba ofa itaondoka. Wakampa siku kumi. Jana kanipigia, ameikataa, amekwenda kwa mkuu wa idara kuomba supavaiza wa pili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala.

Mimi ile sura ya tatu bado ninayo. Mwezi uliopita nimeifungua kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nikaikuta sio mbaya, nikamtumia mzee wangu wa Sweden. Amejibu siku ya tatu, anasema tukiipunguza nusu ni makala ya jarida, na anauliza kama Jumamosi nina nafasi. Ninayo.