Jibu: Siku ya mwisho ya kujitolea Bagamoyo tuipangeje?

Mkuu, umeuliza vijana wa usharika wenu wafanye nini siku ya mwisho, baada ya wiki nzima ya kupaka rangi darasa la chekechea Bagamoyo. Sisi tulikosea: tulipaka mpaka saa tano asubuhi ya kuondoka. Watoto wakaja kutuaga, wakaegemea ukuta mbichi, sare zikaharibika. Mama zao walicheka, lakini sabuni ni hela.

Malizeni kazi siku moja kabla. Asubuhi osheni brashi, mkabidhini mwalimu makopo yaliyobaki, si yeyote atakayejitokeza. Wapishi waageni kwa majina, maana hao ndio waliowabeba.

Chakula cha kuagana kiwe kile ambacho jirani Mwislamu naye atakaa mkekani ale. Kuku achinjwe na mwenyeji Mwislamu, pilau ipikwe, hotuba ziwe mbili tu (wazee wa kanisa mnisamehe).

Mkipata nafasi, pitieni Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868. Mnara ulikolazwa kwa muda mwili wa mmisionari David Livingstone Februari 1874 bado upo. Ondokeni kabla ya saa tisa, foleni ya magari ya Tegeta, Dar es Salaam, haina huruma.