Barua hazitoki? Bosi asinunue seva mwanzo

Kuna kijana wa Wete kaniandikia juzi, anasema ofisini kwao imeili zinaingia vizuri ila kutoka hazitoki, na bosi keshaanza kuulizia bei ya seva mpya. Mdogo wangu, mwambie azuie pesa zake.

Kisa kama hicho nimekutana nacho kwenye hoteli moja huko Paje. Wageni wanaomba vyumba, majibu hayawafikii, foleni ya barua kwenye seva imejaa mpaka basi, na kabla yangu alishaitwa fundi mwengine, wa tai na laptopu nyembamba, akasema seva imekufa. Mie nikafungua telnet, programu ya kuongea na seva kwa kuandika, kwenda poti 25 ya seva ya nje, yaani mlango ambao seva hupokezana barua, ikafunguka! Lakini badala ya seva ile kujitaja jina naona 220 halafu msururu wa nyota tu. Nikaandika EHLO, salamu ya kuiuliza seva inaweza nini, orodha ikarudi, na pale panapotakiwa pawe na STARTTLS, amri ya kuanzisha enkripsheni (kufunga barua kwa siri njiani), pana XXXXXXXA. Nikacheka peke yangu. Seva haina maradhi yoyote yakhe, ni faiwoli, yule mlinzi wa mtandao, inajifanya inakagua SMTP, lugha ya seva kutumiana barua, inaficha enkripsheni, na seva ya hoteli imewekwa isitume kitu bila enkripsheni. Nikauzima ukaguzi ule tu, foleni ikaanza kushuka nikiitazama. Fundi wa tai alilipwa ada yake kamili, mie nikaambiwa "si umebonyeza tu". Haya.

Sasa nyinyi mnaotaka kuwa mafundi, someni skrini kabla hamjagusa kitu. Poti ikining'inia mpaka ikachoka yenyewe, mara nyingi kuna faiwoli njiani inameza paketi, vile vipande vya data, kimya kimya. Ikikataa papo hapo, ama umefika lakini hapana programu inayosikiliza, ama faiwoli imekurudisha waziwazi. Na msizime faiwoli nzima ati mnajaribu, ni tabia mbaya, watu wanasahau kuiwasha. Someni skrini jamani!

Wewe wa Wete, anza na telnet kwenda poti 25 ya seva ya nje, ukiwa kwenye seva yenu yenyewe, si kwenye simu yenye bando lako, maana hiyo inapita njia nyengine kabisa. Ikining'inia, ujue kampuni nyingi za intaneti zinaifunga makusudi kwa sababu ya spamu, basi barua zitoke kupitia seva ya kupeleka, inayozifikisha kwa niaba yenu, poti 587 au 465, kwa jina na nywila. Kisha nitumie kilichoandikwa herufi kwa herufi, usinambie "imegoma".