Usimwandikishe kaka yako ualimu kabla hujasoma hapa

Dada, hiyo fomu ya diploma ya ualimu unayosema kaka yako ataijaza huko gerezani Ijumaa, mwambie aiweke chini. Leo hii.

Mimi nimekaa ndani. Nilikuwa nafundisha hesabu wenzangu waliojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, maana katika magereza yetu ya Kenya mara nyingi mfungwa ndiye mwalimu wa mfungwa. Afande akipita ananiita "Mwalimu", kichwa kinavimba. Akaja mtu wa chuo fulani, shati limenyooka pasi, akasema ufadhili upo, karo bure, na kwa kuwa tayari nafundisha, basi shahada ya ualimu ndiyo saizi yangu. Nikamuuliza, nikitoka nitaajiriwa? Akacheka: "Shahada ni shahada, ndugu yangu." Kicheko kile sijakisamehe hadi leo.

Nilipotoka nikaenda kujisajili TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu. Wanataka cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unachukuliwa alama za vidole, unasubiri, karatasi inarudi ikionyesha kwamba una hukumu. Faili langu likaishia hapo. Na usidhani utajificha shule ya binafsi: sheria ya TSC inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa, ya serikali au ya mtu. Kwa hiyo shahada ninayo, nimeitundika dukani, nauza mayai chini yake. Angalau wateja wanajua trei yangu imehesabiwa na msomi.

Hiyo "bure" nayo! Bure ilikuwa karo peke yake. Ada ya usajili, mitihani na vitabu vilimfanya mama auze ng'ombe wake wa maziwa. Yule bwana alijua. Kazi yake ilikuwa kujaza orodha ili mfadhili apate picha za majoho. Nilipoomba baadaye nisomee kompyuta, nikajibiwa kwamba nimeshafaidika, nafasi ni ya wengine.

Kwa hiyo kabla ya kozi, nenda kwa anayetoa leseni. Siyo chuo, siyo mkuu wa gereza, siyo mchungaji anayekuja Jumapili. Muulize: mwenye hukumu ya kosa hili mnamsajili? Akujibu kwa maandishi. Akijikunakuna, tafuteni kozi isiyohitaji mhuri wa mtu.

Najua kuna atakayeniletea mfano wa Susan Kigula, aliyefungwa gereza la Luzira, Uganda. Sawa, alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa mfungwa, akatoka 2016. Lakini sheria yake aliitumia mle mle ndani, akiwasaidia wenzake na rufaa zao. Kuandika rufaa ya mwenzako wa selo hakudai cheti cha DCI. Mimi ningemfundisha nani Pythagoras, yai?

Umeuliza pia kama ni haki mfungwa asome bure wakati wewe HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inakukimbiza ulipe. Wamarekani waliwanyima wafungwa wao ruzuku ya Pell, pesa za serikali za kusomea chuo, mwaka 1994, wakairudisha Julai 2023. Hilo bishaneni nyie, mimi naona bure ya kozi isiyo na kazi haijamwibia mtu kitu, imemwibia mfungwa miaka.

Sasa niambie: kaka yako alihukumiwa kwa kosa gani, na rufaa yake imeisha au bado? Jibu hapa hapa kabla ya Ijumaa.