Jibu: Kupima gesi ya nyota jitu ukiwa Mtwara

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza kama dishi la TV hapo Mikindani linaweza kupima gesi ya kaboni monoksidi inayoizunguka nyota jitu IRC+10216. Halitanasa mawimbi yake. LNB ya Ku (kipokezi kilicho mbele ya dishi) huishia masafa ya gigahezi 12.75, mawimbi ya kaboni monoksidi uliyoiulizia yako gigahezi 230.538, na mvuke wa pwani huyafifisha mno mawimbi hayo.

Tumia data za darubini ya ALMA, Chile. Nyingi ni bure. Pakua mafaili ya FITS (aina ya faili za picha na data za anga) yaliyokwisha kuchakatwa (data ghafi zitamaliza bando), yafungue kwa programu ya CARTA. Chora spektra (grafu ya nguvu ya mawimbi kwa kila kasi), pima upana wa mstari, yaani kilele cha kaboni monoksidi, pale chini kabisa unapoanzia, gawa kwa 2: hiyo ndiyo kasi ya gesi kutanuka, takriban kilomita 14.5 kwa sekunde.

Angalizo kubwa: antena zilizounganishwa, kama za ALMA, hazioni vizuri gesi iliyosambaa sana, kwa hiyo uzito wa gesi utatoka pungufu. Kabla ya kuukokotoa, mwone mtaalamu wa astronomia ya redio.