Kabla hujaburuta bumu

Wadogo zangu mliojiunga na kikosi cha dharura hapa bandarini Dar es Salaam, zoezi la Kurasini limenishikisha kichwa. Kadi ya zoezi ilisema wazi: tishari limepasuka, methanoli (alkoholi yenye sumu, inayowaka) inamwagika, UN 1230, yaani namba yake ya kimataifa ya bidhaa hatari. Hata upepo hamjauangalia, bumu, kile kizuizi kirefu kinachoelea, lishaburutwa majini (si lile la mkopo wa chuoni, hilo mnalijua vizuri zaidi). Haya, sikilizeni.

1. Namba ya UN isomwe kwa darubini. Ukiisoma kwa macho makavu, umeshasogea mno.

2. Bumu linazuia kinachoelea. Methanoli inapotelea kwenye maji kama sukari kwenye chai. Mtalizungushia tishari bumu mpaka jua lizame, na sumu itapita chini ya bumu: maji yakijaa inaingia Mtoni, yakipwa inatoka kupitia Feri. Halafu kijana mmoja, mpira wa maji mkononi, akanipazia sauti: "Mzee, hakuna moto, tusogee!" Kaona wapi? Methanoli ikiwaka kwenye jua la mchana, mwali wake karibu hauonekani, na moshi wa kukushtua hakuna. Tafuta kamera ya joto, angalia hewa inavyotetemeka. Povu la kawaida la kuzimia moto nalo linavunjika likiigusa methanoli. Lipo la kustahimili alkoholi, na siku ile lilibaki stoo! Machi 2023, kule Louisville, Marekani, tishari lenye takriban tani 1,400 za methanoli lilikwama kwenye bwawa la McAlpine, mto Ohio. Wenzenu walipima hewa na maji kwanza, kisha mzigo ukanyonywa kwa pampu. Kazi ya kuchosha, haina picha nzuri za kurusha kwenye grupu la WhatsApp. Ndiyo kazi yenyewe.

3. Simameni upande wa joshi, unakotoka upepo. Kusi likivuma, mvuke wa Kurasini unaelekea mjini. Kaskazi likivuma, unawafuata watu wa Temeke. Aliyefundishwa Juni asisimame palepale Januari kwa mazoea.

4. Tindikali ya salfuriki msiipigie maji ovyo. Ikizimuliwa kwa maji inakula chuma na kutoa haidrojeni, na tangi lililofungwa halina subira na haidrojeni.

5. Mkemia Mkuu wa Serikali apigiwe mapema, si sampuli zikishachemka juani. Na dakika ya kwanza kabisa ateuliwe wa kwenda kuwaambia wavuvi. Kwenye zoezi hakuteuliwa mtu. Ninyi mlikuwa mmejifunika uso mzima, na mzee wa mtumbwi akawapita katikati akiuliza kama kuna filamu inapigwa.